Mwaka Niliotoka Bila Soda

Tumemzika dada yangu Anaeli mwezi uliopita, kule Mwika, nyuma ya nyumba yake, mahali walipokata migomba kupisha kaburi. Sitawachosha na habari za ukoo wetu, nani alimzaa nani na nani aligombana na nani juu ya mpaka wa kihamba, shamba la urithi; mambo hayo kila familia ya mlimani inayo, na ya kwetu hayana jipya. Nataka kueleza jambo moja tu. Ulipofika wakati wa shukrani, mtoto wa marehemu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi na kitambi cha heshima, alichukua kipaza sauti akasema, "Ndugu waombolezaji, mama aliniita Elisante kwa sababu siku niliyozaliwa alitokwa na damu mpaka madaktari wakaogopa, na marehemu mjomba wangu Elisante ndiye aliyempa damu yake. Bila mjomba yule, mimi ningekua yatima." Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki mstari wa pili, fimbo katikati ya magoti, nikahisi masikio yanapata moto kama vile bado ni kijana. Ng'ambo ya kaburi, chini ya turubai la akina mama, Manka, mjane wa huyo Elisante anayeshukuriwa, alikuwa ananitazama. Hakuwa analia. Alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama na wewe umesikia. Nikainamisha macho, maana mimi na Manka tulikuwa hatujazungumza zaidi ya salamu tangu mwaka ule, na mwaka wenyewe ndio huu ninaotaka kuusimulia.

Nilikuwa fundi magari Moshi mjini, kwenye gereji ya Kalasinga mmoja aitwaye Bwana Jagtar, mzaliwa wa pale pale, aliyeongea Kiswahili kuliko sisi na kutukana kwa Kichagga bila kukosea. Nilipanga chumba Njoro, cha uani, chenye dirisha linalotazama choo cha wapangaji wote, na bado nilikiona kama ikulu. Kitanda cha futi tatu na nusu, jiko la mafuta ya taa, sanduku la bati, na ukutani nimepigilia kitambaa alichonitarizia Manka, chenye ndege wawili, mmoja ana miguu mitatu kwa sababu alidai nilimchekesha akiwa na sindano mkononi. Manka alikuwa anajifunza ushonaji kwa mama mmoja wa Kiislamu pale mjini. Jioni kabla ya kurudi Mwika alikuwa anapita kwangu, anasimama mlangoni, haingii, maana watu wana macho, ananiambia, "Aminieli, hicho chumba kinanuka grisi. Ukinioa nitakufua wewe kwanza, ndipo nifue mashuka." Posa ilikuwa imekwenda. Wazee wetu walipeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, kwao, ikanywewa ikaisha, baba yake akafuta mdomo akasema harusi iwe baada ya kuvuna kahawa. Kwetu mbege ya posa ikishanywewa hivyo, hakuna tena mjadala, kinachobaki ni kupanga siku na kununiana juu ya nani atachinja. Basi mimi nilikuwa mtu mwenye mke, amebaki tu kufika.

Masika ya mwaka ule Bwana Jagtar alinituma tambarare, kwenye mashamba ya miwa, kufufua trekta lililogoma. Trekta likafufuka, mimi nikaanguka. Mbu wa kule hawana utani. Nilirudi na malaria iliyonilaza mpaka nikawa naona dari linashuka, na nilipoinuka suruali ilihitaji kamba. Vijana wa gereji walinicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na woga ndani yake. Ule ndio wakati ugonjwa ulikuwa umeingia Moshi, na hatukuutaja kwa jina lake. Tulisema mdudu, tulisema ngoma, au mtu ananyanyua tu nyusi na mwenzake ameelewa. Ukikonda, umekonda kwa ugonjwa ule, hakukuwa na kukonda kwingine. Kila wiki kulikuwa na msiba wa kijana, na kwenye msiba huo ukasikia watu wanaambizana kwamba marehemu alikuwa na kifua. Wallahi, tungehesabu vifua vilivyoua mwaka ule tungedhani Moshi nzima inafanya kazi migodini.

Nilikuwa ndiyo kwanza narudi kazini Baba Mkubwa, kaka wa baba yangu na msemaji wa ukoo, alipoingia gerejini bila salamu. Nyuma yake, kwenye pikapu, walikuwa shemeji yangu mume wa Anaeli, na Elisante, mtoto wake Baba Mkubwa. "Anaeli amejifungua salama, mtoto wa kiume," akasema. "Lakini damu haikatiki. Hospitali wanataka damu ya ndugu. Panda." Hospitali yenyewe siitaji. Ilikuwa huko huko mlimani, na haikuwa mbaya kuliko nyingine. Siku zile utaratibu ndio ulikuwa huo: mgonjwa akihitaji damu, ukoo unashuka na vijana wake, kama unavyopeleka vijana kuchimba kaburi. Kukataa hakukuwepo. Kijana anayekataa kumtolea damu dada yake ataeleza nini? Atasema anaogopa sindano? Au atasema ana sababu zake? Afadhali useme umemuua mtu. Njiani Elisante alinipiga bega, akasema, "Ami, umekonda kama mwiko. Wakikutoboa wewe itatoka hewa." Tukacheka wote, hata shemeji aliyekuwa analia alicheka. Elisante alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliuza mitumba, anazunguka na marobota yake Mwika, Bomang'ombe, kila gulio, na kila gulio kulikuwa na dada anayemwekea chakula. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke mapema.

Chumba cha kutolea damu kilikuwa mwisho wa varanda. Mlango wake ulikuwa na pazia, na nje kulikuwa na benchi refu la ndugu wa wagonjwa, na mwisho wa benchi mama mmoja mhudumu amekaa na kreti ya soda. Ukishatoa damu unatoka na pamba mkononi, yule mama anakufungulia soda ya chungwa, unakaa benchini unainywa taratibu ili kizunguzungu kisikuangushe. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini ambaye sista amemrudisha, yule asiyetoa damu, hapewi soda, kwa sababu hana kizunguzungu cha kutibu. Anatoka mikono mitupu mbele ya benchi zima. Watu wa benchi walikuwa wameshajiwekea neno lao: "Ametoka mkavu." Na wote walijua, au walidhani wanajua, maana yake. Mwenye soda ni mzima. Mkavu anayo.

Sista wa zamu alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa macho, mpole wa sauti. Alitaka tuingie mmoja mmoja. Baba Mkubwa akasema hawa ni watoto wake, hawana cha kumficha, akaingia na sisi wote akaketi kwenye kiti cha sista mwenyewe. Nani angemtoa? Basi maswali yakaulizwa mbele yake, yale maswali ambayo hata mbele ya mkeo yanakushinda. Una wanawake wangapi? Umewahi kuwa na vidonda sehemu za siri? Shemeji akajibu akitazama sakafu. Elisante akajibu akicheka, "Mimi, sista? Mimi ni mwanakwaya." Baba Mkubwa akatikisa kichwa kuthibitisha. Sista hakucheka, akaandika. Kisha akatupima uzito, akatutoboa kidole mmoja mmoja, akadondosha tone la damu kwenye glasi yenye maji ya bluu. La shemeji lilizama. La Elisante lilizama kama changarawe. La kwangu lilishuka kidogo, likasita, likapanda likaelea. "Umeugua nini karibuni?" sista akaniuliza. Nikamwambia malaria. "Basi wewe hutoi leo. Damu yako ni pungufu, na hatuchukui ya mtu aliyetoka malaria majuzi. Kula matembele, kula maini, urudi baada ya miezi mitatu." Akawaambia wenzangu kwamba damu yao itapimwa, na anayetaka majibu arudi Ijumaa.

Hivi ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na ilikuwa kweli tupu. Lakini nani alimwamini? Ilikuwa inajulikana mlima mzima kwamba manesi hawasemi. Wakikukuta nayo watakuambia una damu pungufu, ukale matembele. Matembele yaliharibiwa jina mwaka ule! Nikamtazama Baba Mkubwa, naye akatazama ukuta. Nikatoka. Yule mama mhudumu alikuwa ameshashika soda, akaangalia mkono wangu, hakuona pamba, akairudisha kwenye kreti. Aliirudisha taratibu, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonimaliza. Baadaye Elisante alitoka na soda yake, akanywa nusu, akaninyooshea chupa: "Ami, vuta pafu moja." Kabla sijaishika Baba Mkubwa akasema, "Mwache amalize. Yeye ndiye aliyetoa." Shemeji akamkumbusha kuhusu Ijumaa. Elisante akapiga mbweu. "Majibu gani tena, na soda nimeshakunywa?"

Leo mtoto wa darasa la tano atakuambia kosa letu lilikuwa wapi. Pale chumbani hakuna aliyekuwa amepimwa mdudu. Tulipimwa uzito na upungufu wa damu, basi. Kipimo chenyewe kilikuwa kinafanyika baadaye, chumba kingine, kwenye damu iliyokwisha kutolewa, na soda ilikuwa imeshanywewa kitambo. Soda haikusema chochote juu ya mtu yeyote. Sisi ndio tuliipa mdomo.

Anaeli aliongezewa damu akapona. Aliporudi nyumbani kwake, pale pale tulipomzika sasa, Baba Mkubwa alichinja mbuzi, na wanawake wakapika kisusio, ule mchuzi wa damu ya mbuzi, kwa ajili ya waliotoa damu, ili irudi. Nilipewa na mimi. Mama alinipakulia kwenye bakuli la bati la rangi ya kijani ambalo sijawahi kuliona likitumiwa na mtu, nikala, kisusio kizuri chenye chumvi ya kutosha, nikawa nashangaa tu bakuli limetoka wapi. Kisha ikaja mbege. Mnajua tunavyokunywa: kata moja inazunguka, kila mdomo unagusa pale pale, ndio undugu wenyewe. Kata ikatoka kwa shemeji, ikapita mbele ya magoti yangu, ikaenda kwa Elisante. Elisante peke yake ndiye aliyesita, akanitazama, akataka kunipa, baba yake akakohoa. Nikainuka nikajifanya naenda kuangalia ng'ombe. Nyuma ya jiko nikawasikia wanawake. Mmoja alisema, "Na vile alivyokonda, mngeshangaa nini?" Mwingine akasema, "Masikini Manka." Kisha sauti ya mama yangu mzazi, nzito, akasema, "Bakuli lile msilichanganye na mengine." Ee Ruwa, Mungu wangu! Nimezika wazazi wote wawili, na sijawahi kumwambia mama kwamba nilisikia.

Kibaya zaidi ni kwamba niliamini. Wote wanapokutazama kama maiti, unaanza kujinusa. Nilirudi Njoro nikaanza kufa. Nikikohoa, ndiyo yenyewe. Nikitokwa jasho, ndiyo yenyewe. Nilipika makande ya siku nyingi nikala bila njaa, nikitazama ndege wa miguu mitatu ukutani. Kurudi kwa sista sikuthubutu. Nilijiambia kwamba maadamu sijasikia kwa masikio yangu bado nina kipande cha kuning'inia, na nikisikia nitaanguka siku hiyo hiyo. Siku moja ya baridi, ile baridi ya Julai ambayo mlima unajifunika wiki nzima, Manka akaja, na mara ya kwanza akaingia ndani, akaketi kitandani, mlango akauacha wazi. Akasema, "Wamenikataza kuja. Nimekuja. Ni kweli?" Nikamwambia sijui. "Basi twende tukapime," akasema. "Mimi na wewe, siku moja. Wakisema unayo, nitajua la kufanya. Wakisema huna, nitakwenda kuimwaga kreti nzima ya yule mama wa soda." Nikamwambia, "Manka, nipe muda." Akanitazama sana. "Muda mimi ninao," akasema. "Wazee hawana." Akanyoosha shuka alipokuwa ameketi, kama mgeni, akaondoka. Ningemfuata! Mpaka leo miguu inaniuma kwa sababu ya hatua zile ambazo sikupiga.

Miezi ikapita na mimi sikufa. Hili lilianza kumuudhi Bwana Jagtar. Nilikuwa nimemwambia habari zangu, kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyeendelea kunipa chai kwenye kikombe kile kile cha wote. Asubuhi moja ya Desemba, Wachagga wameshaanza kujaa mjini wanarudi nyumbani kwa Krismasi, na mimi nimeingia chini ya gari napiga mluzi, akaja akasimama juu yangu na kilemba chake. "Aminieli," akasema, "umeanza kufa masika. Sasa hii Krismasi. Umenenepa, unakula mkate wangu mzima, unapiga mluzi. Hebu niambie utakufa lini, nijue kutafuta fundi mwingine." Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi nikaanza kulia pale chini, mafuta yananidondokea shavuni. Akanivuta miguu akanitoa, akaniingiza kwenye gari lake na ovaroli yangu chafu, akanipandisha mlimani mwenyewe, hakuongea njia nzima ila kuwatukana wenye mabasi.

Sista alikuwa yule yule. Aliponiona akasema, "Si wewe wa malaria? Nilikuambia urudi baada ya miezi mitatu, mbona umekuja na mvi?" Akanipima. Siku zile majibu yalichukua saa nyingi, nami nilingoja, Bwana Jagtar analala kwenye gari. Sista akaniita, akafunga mlango kabisa, akaniambia sina. Akarudia, kwa sababu sikuwa nimesikia. Sikushukuru. Nilipandisha hasira mpaka nikagonga meza: kwa nini siku ile hakutoka nje akawaambia watu kwamba ni malaria tu? Maneno mawili tu, yangenipa maisha yangu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Kaka yangu, siku hiyo hiyo, baada yako, alitoka mwingine mkavu. Ningetangaza kwamba wewe ni wa malaria, kwa yule mwingine ningesema nini? Ningenyamaza. Na kimya changu kingemuua. Nikimsafisha mmoja, wote nisiowasafisha nimewachafua." Nimelitafuta jibu lake miaka yote hii, sijalipata. Wakati natoka niliona yule mama mhudumu anamfungulia soda kijana ambaye hana pamba mkononi. Nikauliza. Sista akasema, "Tumebadilisha. Siku hizi kila anayeingia humu anatoka na soda, ametoa hajatoa. Ilituchukua muda kuelewa mnasoma nini pale benchini." Akaninyooshea na mimi. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwa Manka, nikaiacha.

Bwana Jagtar alinipeleka mpaka Mwika. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, kwanza nitamwambia Manka, kisha baba yake, kisha nitasimama mbele ya Baba Mkubwa niombe kata. Tulipokata kona ya kwetu tukakuta vijana wanashusha turubai. Kwenye uwanja wa nyumba ya Baba Mkubwa kulikuwa na majani ya migomba yaliyokanyagwa, sufuria kubwa zinasuguliwa kwa majivu, na pikapu ile ile iliyotupeleka hospitali imejazwa kreti za soda, chupa tupu. Nikauliza ilikuwa sherehe ya nani. Kijana mmoja asiyenifahamu akasema, "Elisante ameoa jana. Amemchukua yule Manka." Wazee walikuwa wamekaa wakaamua kwamba posa ni ya ukoo, si ya mtu, mbege iliyonywewa haiwezi kupotea bure, na kijana mzima yupo, tena aliyemwokoa dada yake. Wakanificha tarehe ili nisiumie. Nilirudi garini. Bwana Jagtar alitazama zile kreti, akanitazama, akawasha gari akageuza. Mwaka wangu uliishia hapo.

Mimi nilioa baadaye, mke mwema, nina watoto na wajukuu, na gereji ni yangu sasa. Elisante alifariki watoto wake wakiwa wadogo, na watu wakasema kifua. Manka akaanza kukonda, wakasema huzuni. Kisha dawa zikaja, na yeye akawa wa kwanza pale kijijini kusimama kanisani akasema anazitumia na wasipoteze muda kunong'ona. Nilisikia habari hiyo Njoro nikiwa na spana mkononi, nikaketi chini. Nilidhani nimeelewa yote. Kumbe bado.

Siku ya msiba wa Anaeli, watu walipoanza kula, Manka alikuja mpaka kwenye kiti changu. Amejaa mwili, amefunga kilemba cheusi, anatembea kama mwenye nyumba. "Shemeji, njoo huku," akasema, na tukaenda nyuma ya jiko, pale pale nilipowasikia wanawake zamani zile. Akasema, "Umemsikia kijana? Damu ya Elisante haikuingia kwa Anaeli hata tone." Nikamwambia sielewi. "Waliipima wakaimwaga," akasema. "Ndiyo kazi yao. Anaeli aliongezewa ya mumewe, na nyingine ya mtu tusiyemjua, labda mwanafunzi. Marehemu mume wangu aliniambia mwenyewe, alipokuwa kitandani. Yule sista alimfuata gulioni, akajifanya anachagua shati, akamwambia taratibu, kaka, njoo hospitali tuzungumze. Elisante akamwuzia shati, na hospitali hakwenda."

"Lini hiyo?" nikauliza.

"Kahawa ikiwa mtini. Kabla hajanioa."

Nilitaka kusema kitu juu ya kipimo kile, kwamba basi kilifanya kazi, kwamba dada yangu aliishi miaka yote hii akapima mara nyingi akakutwa mzima, na nadhani nilianza kusema. Manka akanikatiza, bila ukali. "Kilifanya kazi. Kilimlinda Anaeli kwa sababu alikuwa mgonjwa. Mimi nilikuwa bi harusi, shemeji. Nani alimpimia bi harusi damu ya mumewe?" Akafuta jicho kwa kiganja. "Na usimchukie. Alinitunza. Alikufa anaomba radhi mpaka nikamwambia anyamaze apumzike. Alikuwa anaogopa kama wewe ulivyokuwa unaogopa, tofauti yenu ni kwamba yeye alikuwa na soda ya kujificha nyuma yake."

Nilimwuliza kama tumwambie kijana. Akasema, "Mwache na jina lake. Anaeli alilipenda." Kisha nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu, kwamba siku ile ya baridi nilitaka kumfuata mpaka stendi, na sikumfuata. Nilisema kwa sauti mbovu ya mzee anayelia. Akasema, "Nilingoja. Niliacha gari la kwanza likaondoka." Basi. Hakuna mtu wa kumshitaki. Sista alifanya sawa, maabara walifanya sawa, hata yule mama wa kreti alifanya alivyoagizwa. Sisi tulikaa benchini tukajipimia wenyewe kwa macho, tukamtoa Manka wetu kwa soda.

Tukarudi uwanjani. Vijana walikuwa wanagawa vinywaji, kreti zimepangwa pembeni ya turubai. Manka akamwondoa kijana kwa mkono, akainama, akachagua soda ya chungwa, akaifungua kwa kizibo cha chupa nyingine, taa!, kama alikuwa anafanya hivyo kila siku, akaivusha mbele ya vichwa vya watu waliokaa mpaka mkononi mwangu. Watu wakageuka, maana mama mfiwa hamhudumii mzee namna ile.

"Kunywa, Aminieli," akasema kwa sauti. "Watu wakuone."

Nikasimama, nikainywa yote, ya moto, bila kushusha chupa. Waliogeuka kunitazama walikuwa wajukuu na wageni. Wale waliopaswa kuniona walikuwa wameshazikwa kitambo, kila mmoja chini ya migomba ya kwake.